Kabla hujakunja alumini, jua moto unaifanyia nini

Mwaka wa pili wa karakana yangu hapa Mikindani, mzee mmoja mvuvi wa Msangamkuu aliniletea bamba la alumini la milimita 3 nimkunjie kinga ya ubavu wa boti. Nikalifunga kwenye jiliwa, nikaligonga kidogo likiwa baridi. Lilipokaza nikaliweka kwenye jiko la mkaa, nikalisahau humo karibu saa nzima nikihudumia wengine. Nilipomaliza kulikunja, mgongo wa kona ulitoka vipele, kisha ufa mwembamba. Mzee akapitisha kidole gumba juu yake. "Mwanangu, mbona imeota ngozi ya kenge?"

Siku ile sikuwa na jibu.

Alumini ni chembe nyingi zilizobanana, na ndani ya kila chembe atomi zimejipanga safu kwa safu. Ukiigonga baridi safu zinavurugika, mivurugo inasongamana na kuzuiana, bamba linakuwa gumu mpaka linapasuka. Ukiikunja ikiwa na moto wa kutosha, mivurugo inapata nafasi ya kutembea: mingine inafutana, mingine inajipanga kuwa kuta nyembamba, na chembe inayorefuka inagawanyika vyumba vidogo ndani yake. Hapo inaachana na shaba, ambayo ikikandamizwa motoni huelekea kuzaa chembe mpya kabisa. Moto mkali na mkono wa taratibu huacha vyumba vikubwa na bamba laini. Moto mdogo na mkono wa haraka huacha vyumba vidogo na bamba gumu zaidi.

Kosa langu lilikuwa kuligonga kidogo, halafu moto mrefu. Alumini iliyogongwa baridi kisha ikawekwa motoni, nayo huzaa chembe mpya; ikigongwa kidogo huanzisha chache tu, na kila moja ikipewa muda hula majirani zake. Chembe kubwa zikikunjwa, kila moja huinuka kivyake. Hiyo ndiyo ngozi ya kenge. Niliiona mwenyewe: nilikata kipande, nikakisugua kwa msasa laini, nikakiloweka kwenye maji ya kostiki wanayotumia watengeneza sabuni. Chembe zikajitokeza kama maua ya bati jipya, nyingine pana kama ukucha wa kidole cha mwisho. (Ukijaribu, vaa glavu na miwani, fanyia nje: hutoka gesi inayowaka.)

Basi fanya hivi. Alumini haikupi rangi nyekundu ya kukuonya. Safi huyeyuka kwenye digrii 660, iliyochanganywa huanza mapema zaidi. Paka sabuni ya mche pale unapokunja, pasha kwa tochi ya gesi ukiizungusha, na sabuni ikigeuka kahawia kuelekea nyeusi uko karibu digrii 350. Ondoa moto, kunja hapo hapo kwa nyundo ya mti, kona iwe ya duara. Ikianza kukaza, pasha tena kwa muda mfupi. Usiigonge baridi "kuianzisha" kama nilivyofanya mimi, na usiiache ikae motoni.

Fremu za madirisha ni habari nyingine. Kiwandani husukumwa kwenye tundu kwa joto la digrii 450 hadi 500 hivi, halafu hupikwa tena kwa joto dogo ili zikaze. Tochi yako inaondoa ukazo huo, na kuzikunja hakuurudishi. Nikiletewa fremu ya kukunja nawaambia wateja ukweli, nakata kona na kuiunga kwa skrubu.