Kwa mwalimu mpya wa shule ya Jumapili

Umepewa darasa la watoto. Huenda mchungaji alikutangaza kanisani kabla hujakubali sawasawa, na wengi wetu tuliingia kwa mlango huohuo. Kabla hujakimbilia kununua chati na kalamu za rangi, piga hesabu. Darasa lako ni la saa moja kwa wiki. Toa nyimbo, toa sadaka, toa muda wa kuwapokea waliocheleweshwa na matatu, na kinachobaki ni nusu saa hivi. Huku mtaani Mombasa, mtoto wa jirani Mwislamu akitoka shule anabadilisha nguo, anakwenda madrasa, karibu kila siku. Kwa hiyo usishangae ukiulizwa, “Mwalimu, mbona yeye anajua sura nzima kwa moyo, na mimi sijui kitu?”

Swali hilo ni la haki, wala usimkemee aliyeliuliza. Wenzetu wanajua kwamba linaloingia utotoni kwa kurudiwarudiwa halitoki upesi. Nasi tumeagizwa vivyo hivyo: Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuyanena maneno ya Mungu “uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo.” Hapo darasa halikutajwa. Nyumba imetajwa, na njia. Basi kila Jumapili mpe mtoto kitu kidogo cha kubeba, kikasemwe nyumbani siku zile sita ambazo wewe humwoni.

Mimi huanza na Zaburi ya 23. Ina mistari 6, na mstari mmoja kwa wiki unatosha kabisa. Nasema, “Bwana ndiye mchungaji wangu,” nao wanamalizia, “sitapungukiwa na kitu.” Tunarudia kwa sauti ya chini, kwa makofi, wavulana peke yao, wasichana peke yao, mpaka yule mdogo ambaye bado hajui kusoma anaongoza wenzake. Jioni natuma mstari huo kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, bila kuongeza mahubiri. Usiwadai ibada ya nyumbani ya nusu saa. Baba yuko zamu ya usiku bandarini, mama anafunga kibanda saa tatu. Waombe mstari mmoja tu: wakati wa kula, au alfajiri mama akikaanga mahamri na mtoto yuko palepale anasubiri la kwanza litoke. Hilo wanaliweza. Na ukikutana na mzazi katikati ya wiki, usimuulize kama wamesali. Muulize mtoto amefika mstari wa ngapi.

Lakini kukariri peke yake kunazaa kasuku. Ukifika kwenye malisho ya majani mabichi, kumbuka unasema na watoto waliozoea kuona mbuzi wa mtaani Kongowea akitafuna katoni. Waache wakueleze mbuzi huyo anaishi vipi, nani anamtafutia chakula, akipotea nani anamfuata. Hapo ndipo mchungaji anaanza kueleweka. Kwenye maji ya utulivu, mtoto mmoja anayevuka kivuko cha Likoni na mamake aliniuliza, “Kwani Mungu hupanda feri na sisi?” Nikamwambia ndiyo, hupanda. Alikaa kimya kidogo, kisha akataka kujua kama hulipa. Watu wa miguu hawalipi, akajijibu mwenyewe, na somo likaendelea.

Kisa cha Yesu kutuliza dhoruba, Marko 4, mwachie mtoto wa mvuvi akifundishe. Sisi wa bara huwa tunachora mashua kama karai. Mmoja aliichukua chaki mkononi mwangu, akachora tanga, akaonyesha nyuma pale alipolala Yesu, akawaeleza wenzake kusi ikivuma mawimbi huingilia wapi. Siku hiyo hakuna aliyeomba kwenda chooni.

Kuhusu majirani, sema kwa uangalifu. Watoto wako hula futari kwa watu mwezi wa Ramadhani, na Krismasi hupeleka sahani za pilau kwa haohao. Usiwafundishe kumpenda Yesu kwa kuwadharau wanaowalisha. Habari ya Wakristo waliouawa hapa Mombasa mwaka 1631, wakati wa Sultani Yusuf bin Hasan, ni ya kweli na ina mahali pake, lakini mahali hapo si kwa watoto wa miaka saba. Iache mpaka waweze kuuliza Wareno walikuwa wanafanya nini kwenye ngome ya Fort Jesus tangu mwanzo.

Historia nyingine watembeze kwa miguu. Wapeleke Kengeleni waione kengele iliyolipatia eneo hilo jina, uwaeleze kuhusu Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa watumwa walioachiwa huru. Kisha Nyali, kwenye kaburi la mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf. Walifika mwaka 1844, na mwaka huohuo Krapf akafiwa na mkewe na mtoto mchanga. Hapo jiandae, maana utaulizwa kwa nini Mungu alikubali na wao walikuja kumhubiri. Mimi hujibu kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba Krapf alibaki, na mwaka 1846 alikuwa Rabai na mmisionari mwenzake Rebmann wakianza kazi. Mtoto anayesikia mwalimu akisema “sijui” hataogopa kukuletea swali gumu zaidi kesho, nyanya yake atakapofariki.

Moto wa jehanamu usiufanye kiboko cha kunyamazishia darasa. Peremende nazo, kidogo tu. Ukizizoesha, siku ya bila peremende utafundisha viti.

Jambo moja halina mjadala: usikae na mtoto peke yako kwenye chumba kilichofungwa, hata kama ni kumwombea. Wawe watu wazima wawili, mlango wazi. Mtoto akikuambia anaumizwa, usiahidi kuficha, wala usikubali yamalizwe na wazee kimyakimya. Namba ya simu ya kusaidia watoto, 116, ni ya bure, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 iko upande wa mtoto.

Mwisho ni hawa wakubwa, miaka 12 kuendelea, wanaoanza kukaa viti vya nyuma na kupotea mara tu baada ya kipaimara. Hadithi ya Daudi na Goliathi wameisikia mpaka imewachosha. Wape kazi: kayamba, kupokea wageni mlangoni, kuwashika mkono wadogo wakati wa kuvuka barabara, kusoma somo la kwanza ibadani. Na somo hilo umpe mtoto siku ya Alhamisi, ajizoeze kwa sauti nyumbani, asije akakwama kwenye jina la Nebukadreza mbele ya kanisa zima.