Nilimshitaki OCD, kesi ikaondolewa: wakili anajibu

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni bodaboda Kibaigwa. Mwaka jana nililazwa mahabusu siku tano bila kupelekwa mahakamani, baadae kesi ya wizi ikasikilizwa nikaachiwa huru. Nikafungua madai ya fidia mahakama ya wilaya dhidi ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kituo, juzi hakimu kaiondoa hata ushahidi sijatoa. Huku wanasema polisi hawashitakiki. Kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Sio kweli, polisi wanashitakika na wapo walioshinda. Hakimu hajasema polisi hawana kosa, huko hakufika kabisa. Kesi yako imefia mlangoni kwenye pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla ya ushahidi, na ukishaniambia umeshitaki kituo tena wilayani, hata faili sihitaji kuliona.

Kituo cha polisi sio mtu kisheria, huwezi kukishitaki kama jirani aliyeingiza ng'ombe kwenye mtama wako. Unayemdai ni Serikali, na sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka kwanza utoe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushitaki kwa taasisi husika, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, siku zikiisha ndo unafungua, na unafungua Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, ukimwacha shauri zima linaharibika.

Sasa kinachoniumiza ni hiki. Kila wiki hapa Dodoma napokea mtu kesi yake imeondolewa hivi hivi, ukimuuliza anasema hakimu kahongwa. Nani kakwambia? Yule yule aliyemwandikia hati! Kishoka wa stationery, yaani wakili feki, anakopi hati ya mtu mwingine, anabadilisha majina, anachukua hela, na chini kabisa anaandika imeandaliwa na mdai mwenyewe ili jina lake lisionekane, maana kuandaa hati za mahakama kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa na yeye analijua hilo vizuri. Ikigonga ukuta anakuuzia hadithi ya rushwa, halafu anakuomba hela ya rufaa. Jamani, kabla hujatoa hata shilingi ingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wa kutafuta mawakili, uandike jina lake, kama hayupo ondoka.

Kingine, kuachiwa huru peke yake hakukupi fidia. Lazima uonyeshe walikushitaki kwa nia mbaya na bila sababu ya msingi, hapo wengi wanakwama. Mimi ningeanza na zile siku tano, maana sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo.

Chukua nakala ya uamuzi usome mstari wa mwisho. Kama shauri limeondolewa tu kwa kasoro za utaratibu, unaweza kurudi ukiwa umefuata utaratibu. Kama limetupiliwa mbali ni habari nyingine, hiyo uje tuongee ana kwa ana. Ila notisi usiicheleweshe, madai ya namna hii yana miaka 3 tu na huko kwa kishoka saa inatembea. Nimeshapokea watu mwaka wa nne, wana majeraha, wana picha, wana mashahidi, na sikuwa na cha kuwafungulia.