Simu kuchaji polepole: anza na tundu

Ndugu, kabla hujampelekea fundi hiyo simu inayochukua saa 5 kujaa, izime, kisha mulika tundu la chaji kwa tochi. Ukiona kitu kama pamba ya kijivu huko ndani, ni vumbi la mfukoni, na kila ukichomeka waya unalishindilia zaidi. Lichokoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Pini usithubutu, utapiga shoti. Yangu ilitoa donge kama punje ya mchele, waya ukaanza kuingia mpaka "tik".

Tundu likiwa safi na bado inasuasua, jaribu waya mwingine, halafu soma yale maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Penye 5V 1A (volti 5 mara ampea 1) unapata wati 5 tu. 9V 2A ni wati 18, ilimradi simu yenyewe inakubali. Kwenye kompyuta ndiyo usiseme: tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa wati 2.5.

Ikipita asilimia 80 kupunguza mwendo ni kawaida, inalinda betri. Na hizo video unazoangalia huku inachaji, ziache kwanza. Simu ikipata moto hujipunguzia chaji yenyewe.