Programu huria bila digrii, ukiwa Likoni

Umeuliza kama asiye na digrii anaweza kupata mafunzo yenye malipo ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Anaweza. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wageni wanaofanyia kazi miradi hiyo, tangu 2022 haidai uwe mwanafunzi. Utimize miaka 18 na uwe bado mgeni katika programu huria. Orodha ya miradi hutoka Februari. Siku ya mwisho maombi hufungwa saa 18:00 UTC (saa ya kimataifa), na kwetu Mombasa hiyo ni saa tatu usiku, si saa kumi na mbili jioni.

Outreachy, mpango mwingine wa mafunzo kama hayo, hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, mara mbili kwa mwaka, Mei na Desemba. Ukipita insha za mwanzo, lazima uchangie mradi kwa kazi, si kwa pesa, ndipo uombe nafasi. Asiyechangia hachaguliwi, hata insha iwe tamu vipi.

Wengi hukwama kwa kungoja orodha. Chagua mradi sasa, uusakinishe (hapo tu huenda ukala wiki nzima, na bando pia), usahihishe kosa dogo kwenye maelezo yake, kisha hitilafu ndogo kwenye msimbo. Maswali uliza kwenye ukumbi wa wazi wa mradi, usimwandame mshauri (anayewaongoza wageni mradini) faraghani. Anayekudai ada ya maombi ni tapeli.