Upanga wa kuchezea ukikwaruza, anza na betri

Nimekuwa nikiwatengenezea watoto wa mtaani kwetu vitu vyao vya kuchezea kwa muda mrefu, na hizi panga zenye taa na mlio ndizo zinazoletwa zaidi. Lalamiko ni lile lile: "Haulii vizuri." Mzazi akisikia hivyo anadhani spika imekufa, na upanga unaishia jalalani. Mara nyingi spika ni nzima kabisa. Kinachopungua ni umeme unaoifikia.

Panga nyingi zinatumia betri 3 za volti 1.5, jumla volti 4.5. Taa za LED hula umeme kidogo, spika huhitaji mwingi kwa mpigo. Kwa hiyo betri zikichoka, upanga ukiwa umetulia unawaka kama kawaida, lakini ukiugonga tu na mlio ukaanza, volti zinashuka ghafla na saketi inajizima, kisha inaanza upya. Ndiyo maana unasikia ule mlio wa kuwashia ukijirudia, au sauti ikikatika kama mtu mwenye kwikwi.

Badilisha betri zote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu ndiyo itakayowahi kuvuja. Zile za bei ya chini zisizo za alkalini zinachoka upesi kwenye kazi ya spika, na za kuchaji zina volti 1.2 tu kila moja, yaani 3.6 kwa tatu. Kuna panga zinazozikubali na zinazozikataa.

Betri mpya zisiposaidia, tazama springi na vibati vinavyogusana nazo. Unga mweupe au ukoko wa kijani maana yake betri ilivuja. Kwa betri za alkalini, chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, sugua, pangusa kwa spiriti, acha pakauke, kisha pitisha msasa laini. Springi iliyolala ivute kidogo ibane betri. Na usiishie juu. Upanga mmoja ulinisumbua sana: springi ilikuwa inang'aa, lakini pale chini waya ulipolehemiwa palikuwa na kijani, na nilipoumenya ule waya nikakuta shaba imeliwa ndani kwa ndani, imekuwa nyeusi. Nilikata sehemu iliyooza, nikalehemu upya, ukalia.

Waya hukatika pia shingoni, mpini unapokutana na bapa la upanga, kwa sababu ndipo panapopata misukosuko yote. Uwashe, shika mpini, uchezeshe taratibu pale shingoni. Sauti ikienda na kurudi, umepata mahali.

Kama kitufe kinatoa mlio ila kuupunga hakutoi, usiiguse spika. Tafuta kihisi cha mtikisiko, ambacho kwenye panga za bei nafuu huwa ni kispringi chembamba kinachozunguka kijiti cha chuma. Kikipinda au kikipata kutu, upanga hausikii pigo.

Spika yenyewe ni rahisi kuipima. Zima, toa betri, fungua mpini, achanisha waya mmoja wa spika, kisha gusisha betri moja ya volti 1.5 kwenye miguu yake kwa nukta tu. Ikitoa "kwa!", koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) ni nzima, ikinyamaza, tafuta spika nyingine yenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zile zile, kwa kawaida 8. Ukiweka ya omu 4 itavuta umeme maradufu na utarudi pale pale pa volti kushuka. Spika inayolia ila inakwaruza hata kwa betri mpya, kagua utando wake: mchanga, au umechanika.

Kila kitu kikiwa sawa na bado kimya, tatizo liko chini ya lile tone jeusi linalofunika chipu kwenye saketi. Hapo mimi naachia, nahifadhi spika na springi kwa ajili ya upanga mwingine.

Panga ndogo zinazotumia betri za kitufe, zile ndogo za duara, zinanitia hofu kweli. Betri hizo zikikwama kooni, hasa zile bapa za lithiamu, zinaweza kuunguza ndani ya saa 2. Ukishuku mtoto amemeza, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, usimtapishe. Parafujo ya mfuniko ikipotea, upanga huo unakaa juu ya kabati langu mpaka ipatikane nyingine, hata mwenyewe akilia.