Maswali na majibu: Bado tuna imani na Jayden Daniels?

Tangu msimu wa 2025 wa NFL, ligi ya soka la Marekani, uiishie vibaya timu yetu ya Washington Commanders, maswali ninayopokea yanazunguka palepale: huyu kijana tuliyemshangilia 2024 ni kweli, au tulijipa moyo tu? Nimechagua machache. Mjue mapema kwamba mimi ni shabiki wa timu hii, kwa hiyo haki ya hakimu msiitafute hapa.

Mie nafuata soka la kawaida tu. Huyo Daniels ni nani, na kwotabeki kazi yake nini? (Msomaji, Dodoma)

Kwotabeki ndiye anayeanza na mpira karibu kila timu yake inaposhambulia. Anaamua aurushe, amkabidhi mkimbiaji, au atimke nao mwenyewe, na hayo yote ayamalize kabla majitu ya kilo 130 hayajamfikia. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira ni wa wapinzani.

Daniels ni mtoto wa California. Alichezea chuo cha Arizona State, akahamia LSU kule Louisiana, na mwaka 2023 akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Aprili 2024 Washington wakamchukua akiwa wa pili katika drafti, yaani siku ambayo ligi inagawana vijana wa vyuo na timu dhaifu zinatangulia kuchagua. Udhaifu tulikuwa nao: mwaka uliotangulia tulishinda mechi 4, tukapoteza 13. Msimu wake wa kwanza tukashinda 12, tukapoteza 5.

Kaka, ule mpira dhidi ya Chicago si ilikuwa bahati tu? Mmeufanya kama muujiza. (Msomaji, Nairobi)

Ilikuwa bahati, tena tupu. Kwa wasioiona: Oktoba 27, 2024, Bears wa Chicago wanaongoza 15 kwa 12, limebaki shambulio moja. Daniels, ambaye wiki ile mbavu zilikuwa zinamuuma, akakimbia huku na huku kwa zaidi ya sekunde 12, halafu akaurusha mpira mbali kuelekea kundi la watu. Beki wa Chicago, Tyrique Stevenson, alikuwa anawatania mashabiki wakati mchezo umeshaanza. Akawahi kurudi, akaruka, akaugusa, na mpira ukamwangukia mwenzetu Noah Brown aliyekuwa amesimama nyuma peke yake. 18 kwa 15. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, lakini siwezi kumpima kijana kwa mpira ulioguswa na mpinzani.

Mimi nilimwamini mwezi mmoja kabla, Jumatatu usiku kule Cincinnati, dhidi ya Bengals. Zimebaki dakika mbili na ushee, tunaongoza kwa pointi chache, ni jaribio la tatu na bado yadi 7. Makocha wengi wangemwambia chipukizi, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, akimbie nao, saa iende, wapige teke la pointi 3. Yeye akabaki mahali pake huku beki wa Bengals amepenya anamjia, akaachia mpira wa yadi 27 kwenye kona, mahali ambapo mpokeaji wetu Terry McLaurin peke yake angeweza kuufikia. Aliachia huku anapigwa. Tachidauni, yaani mpira umefikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Usiku ule alirusha mara 23, zikamfikia mwenzake 21. Kabla yake hakuna chipukizi aliyerusha walau mara 20 katika mechi moja akafikia kiwango hicho.

Na msimu mzima ulikwenda hivyohivyo. Katika jaribio la nne, pale ambapo timu nyingi hupiga mpira mbali na kujiokoa, Washington walithubutu mara 23 na kufaulu 20. Kocha Dan Quinn hawezi kuthubutu hivyo kama hamwamini mtu aliyeshika mpira. Bahati haikai miezi minne.

Nilikuwepo uwanjani Landover goti la Robert Griffin lilipoharibika. Leo naona filamu ileile inarudiwa. Nishawishi. (Msomaji, Silver Spring, Maryland)

Ndugu yangu, hili ndilo swali lenyewe.

Kwa wasiojua: Griffin, kwotabeki wetu wa zamani, naye alichukuliwa wa pili katika drafti, 2012, naye akawa chipukizi bora wa mashambulizi, naye alikuwa na mbio. Alikimbia yadi 815 mwaka ule, rekodi kwa kwotabeki chipukizi. Januari 2013, kwenye mchujo, yaani mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida, dhidi ya Seattle, goti likagoma, na hakurudi tena kuwa yule tuliyemjua. Rekodi yake ikavunjwa na nani? Daniels, kwa yadi 891. Naelewa kwa nini unaikunja jezi na kuiweka chini ya sanduku.

Mwaka 2025 ndio ukazidisha hofu. Septemba goti, Oktoba msuli wa paja, Novemba kiwiko cha kushoto kikateguka, tena dhidi ya Seattle walewale, katika mechi ambayo ilikuwa imeshaamuliwa zamani. Mpaka leo sioni sababu ya yeye kuwa uwanjani saa ile. Desemba akajaribu kurudi dhidi ya Minnesota, akajiumiza tena. Mechi 7 tu msimu mzima, na timu ikamaliza na ushindi 5 na vipigo 12.

Lakini tazama viungo vyenyewe. Griffin alipoteza goti, na goti lilikuwa nusu ya mchezo wake. Daniels anarushia mkono wa kulia. Kilichoumia vibaya zaidi ni kiwiko cha kushoto. Halafu miguu kwake ni ziada. Mwaka 2024 mipira yake ilifika kwa asilimia 69, rekodi nyingine ya chipukizi, tachidauni 25 za kurusha, mipira iliyoibwa 9. Hiyo ni kazi ya macho na kichwa. Huyu ndiye aliyekuwa akivaa miwani ya uhalisia pepe chuoni ili kusoma mabeki kwa kasi kubwa kuliko ya uwanjani.

Ninachotaka kukiona ni kimoja: ajifunze kulala chini mapema. Akiona beki, ateleze. Yadi mbili za ziada hazina thamani ya wiki nne nje, na mwili wake ni mwembamba kwa kazi hii. Asipobadilika hapo, hofu yako itakuwa na haki.

Mbona wachambuzi wanaimba "mkataba wa chipukizi, mkataba wa chipukizi"? (Msomaji, Mombasa)

Pesa, mwanangu. Ligi inaweka kikomo cha mishahara. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu. Daniels analipwa karibu milioni 38 kwa miaka minne yote. Dak Prescott wa Dallas alisaini mwaka huohuo kwa wastani wa milioni 60 kila mwaka. Tofauti hiyo ndiyo inayonunua walinzi wa kumkinga. Mwaka 2025 ulikuwa mmoja wa ile ya bei nafuu, nasi tumeutupa. Hilo linaniuma kuliko vile vipigo 12.

Caleb Williams, Daniels, Drake Maye: nani zaidi? Jibu bila kujificha. (Msomaji, Toronto)

Wote ni makwotabeki, walichukuliwa wa kwanza, wa pili na wa tatu katika drafti ya 2024. Mwaka wa kwanza Daniels aliwaacha mbali: kwenye mchujo aliitoa Tampa Bay, akaenda Detroit kwa timu iliyoshinda mechi 15 akaifunga 45 kwa 31, kisha Philadelphia wakatunyoa 55 kwa 23 tukiwa mlango mmoja kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi. Mwaka wa pili Chicago ya Caleb ikashinda 11, New England ya Maye ikashinda 14. Leo Maye yuko mbele. Wote watatu wakiwa wazima, namchukua wangu.

Huku Dar mechi zenu zinaanza saa ngapi? (Msomaji, Kigamboni)

Za mchana wa Jumapili ni saa mbili usiku kwenu, na kuanzia Novemba saa tatu. Zile za usiku wa Marekani zinaanza baada ya saa tisa usiku. Jumatatu kazini utajieleza mwenyewe.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka tisa, anataka jezi namba 5 ya Daniels. Ninunue au nisubiri? (Mama wa Baltimore)

Marahaba. Nunua, hata kama mtaa wenu ni wa Ravens, timu ya Baltimore. Chukua iliyomzidi saizi mbili: mkataba wa Daniels unafika 2027, na klabu ina haki ya kumshikilia 2028.