Heta haitoshi kuhakiki mita ya kituo cha kuchajia

Tulipounda sampuli ya kwanza ya kituo cha kuchajia pikipiki za umeme hapa Dar es Salaam, nilipewa kazi ya kuhakiki mita iliyomo ndani yake. Nilifunga kando yake mita ya kawaida ambayo taa yake humweka mara 1000 kwa kila uniti, kisha nikaunganisha heta ya wati 2000. Taa ilimweka kila baada ya sekunde 1.8, kama hesabu inavyotaka, na kituo chetu kikakubaliana nayo. Niliandika kwamba mita ni sahihi, na hapo nilikosea.

Tulipochomeka chaja ya pikipiki, kituo kilisoma wati 920, ilhali mita ya kando ilionyesha takriban 560. Programu yetu ilikuwa ikizidisha volti 230 kwa ampea 4, basi. Kwenye heta hesabu hiyo hutoa jibu sahihi, kwa kuwa volti na ampea hupanda na kushuka pamoja; lakini chaja nyingi za bei nafuu huvuta umeme kwa vishindo vifupi karibu na kilele cha wimbi, na zao la wastani wa volti na wastani wa ampea halilingani tena na nguvu inayotumika kweli. Dereva wa bodaboda angelipia zaidi ya mara moja na nusu ya umeme alioupata, jambo ambalo hadi leo linanisumbua. Tulirekebisha kwa kupima volti na ampea kwa wakati mmoja, maelfu ya mara kwa sekunde, kuzidisha kila jozi, ndipo kutafuta wastani.

Kwa hiyo nakushauri uanze na chaja halisi, tena uifuatilie hadi betri ijae, kwa sababu mkondo unapopungua mwishoni ndipo kasoro ndogo za mita hujitokeza. Ukikosa mzigo mkubwa, yaani kifaa kinachovuta umeme mwingi, zima umeme, pitisha waya uleule mara 5 ndani ya kihisi cha mkondo cha duara, na ampea 6 zitasomwa kama 30. Hatimaye acha kituo kikiwa na umeme usiku kucha bila kuchomeka chochote. Asubuhi uniti zikiwa zimeongezeka, hata kidogo, usikipeleke kwa wateja.